Maji Yameshatumika, Bili Haijafika: Mhadhara Kuhusu Malimbikizo na Malipo ya Kabla

  Mada ya bili ya maji haina mvuto wa siasa wala wa mpira. Bili yenyewe ni kikaratasi, na siku hizi hata karatasi si lazima, huja kama ujumbe kwenye simu. Hata hivyo naomba mnivumilie, kwa sababu ndani ya ujumbe huo limo swali ambalo fani nzima ya uhasibu imejengwa juu yake: gharama hii ni ya lini, na ni ya nani?

Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba gharama ya maji huzaliwa bomba linapofunguliwa, na ya umeme swichi inapowashwa. Siku bili inapofika na siku fedha zinapotoka ni siku nyingine, zenye kazi nyingine. Taasisi inayozichanganya siku hizo inaharibu zaidi ya tarakimu, kwani inamtwisha mtu mmoja mzigo ulioachwa na mwingine. Nitalifafanua hilo kwa hoja nne, kisha nitajibu pingamizi ambazo naamini baadhi yenu mmekuja nazo mfukoni.

1. Siku tatu za huduma moja

Kila huduma ya maji, umeme, simu au intaneti ina siku tatu. Ipo siku ya kutumia, ipo siku ya kudaiwa, na ipo siku ya kulipa. Kwa maji ya bili mpangilio ndio huo huo: tunatumia mwezi mzima, msoma mita anapita, ankara inatolewa, halafu tunalipa, wengine kwa wakati na wengine baada ya kukatiwa. Kwa umeme wa LUKU mpangilio umegeuka. Jina lenyewe ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, lakini ukweli ni kwamba unalipa kwanza, unaingiza tarakimu 20 kwenye mita, na matumizi yanafuata. Kanuni ya uhasibu haiyumbishwi na mpangilio wowote kati ya hiyo. Gharama hufuata siku ya kutumia. Matumizi yakitangulia bili na malipo, taasisi ina deni ambalo halijaandikwa popote, nalo ndilo tunaloliita limbikizo. Malipo yakitangulia matumizi, taasisi ina mali ambayo bado haijaliwa, nayo ndiyo malipo ya kabla.

Anayedhani kanuni hii ilishuka melini ikitokea Ulaya aende dukani kwa Mangi akaangalie daftari la mkopo. Mteja akichukua nusu kilo ya sukari leo na kusema atalipa mwisho wa mwezi, Mangi huandika leo. Hasubiri mwisho wa mwezi ndipo aandike kwamba sukari imetoka, maana akisubiri atakuwa na rafu tupu na daftari lisilo na maelezo. Na mteja akimwachia shilingi 10,000 akisema atakuwa anachukua vitu kidogo kidogo, Mangi mwenye akili hazihesabu kuwa mauzo ya siku hiyo. Anajua ana deni la mchele na mafuta hadi mteja amalize chake. Daftari lile la kurasa zilizokunjika pembe limeshika mambo yote mawili, limbikizo na malipo ya kabla, bila kuyaita majina hayo.

Sheria na viwango vimekuja kulithibitisha jambo hilo. Viwango vya kimataifa vinataka taarifa za fedha, isipokuwa ile ya mtiririko wa fedha taslimu, ziandaliwe kwa msingi wa malimbikizo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inazitaka kampuni zitumie msingi huo huo katika kukokotoa kodi. Serikali nayo, iliyokuwa ikihesabu kwa msingi wa fedha taslimu, ilianza safari ya kuhamia viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma (IPSAS) vya malimbikizo katika mwaka wa fedha 2012/13, ikajipa miaka mitano ya mpito. Mabadiliko hayo yana maana nzito kwa mkuu wa shule au mganga mfawidhi. Hapo zamani aliweza kusema, “Sijalipa, kwa hiyo sina gharama.” Leo kauli hiyo haina pa kusimama.

2. Limbikizo hupimwa kwenye mita, halikisiwi kwenye kalenda

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kosa linapofanyika hata na watu wenye vyeti. Tuchukue shule ya bweni ya mfano, inayofunga hesabu Desemba 31. Msoma mita hupita tarehe 15 ya kila mwezi. Bili iliyofika Januari inahusu maji ya Desemba 16 hadi Januari 15, siku 31, na jumla yake ni shilingi 620,000. Mhasibu mwenye haraka atagawa kwa siku: shilingi 20,000 kwa siku, mara siku 16 za Desemba, anapata 320,000. Ataziandika kuwa limbikizo la mwaka unaokwisha, na hesabu itapendeza machoni, kwa sababu kugawa kwa siku kunaonekana ni haki.

Sasa tuulize swali la mtu wa kawaida: Desemba 16 hadi 31 wanafunzi wako wapi? Wako likizo. Jikoni hakuna moto, mabafu makavu, na shuleni amebaki mlinzi na familia mbili tatu za walimu. Tuseme mita ilisoma 4,210 Desemba 15, ikasoma 4,240 Desemba 31, na 4,520 Januari 15. Kwa uniti 310 zilizotumika, bei ni shilingi 2,000 kwa uniti. Zilizotumika Desemba ni uniti 30 tu, yaani shilingi 60,000. Uniti 280 zilizobaki, sawa na shilingi 560,000, ni za Januari, wanafunzi waliporudi na ndoo zao. Mgawanyo wa kalenda ulikuwa umeutwisha mwaka uliopita shilingi 260,000 zisizo zake. Kugawa kwa siku kunafaa pale tu matumizi yanapokwenda sawasawa, kama ofisi inayofanya kazi kila siku, au pale gharama inapotokana na muda wenyewe, kama kodi ya pango au laini ya intaneti ya mwezi. Kwa kitu kinachopimwa kwa mita, shahidi ni mita.

Kuisoma mita siku ya kufunga hesabu kuna faida nyingine ambayo mhasibu hakuifuata. Kama usomaji wa Desemba 31 ungeonyesha uniti 200 katika shule iliyofungwa, jibu lisingekuwa kwenye leja, lingekuwa ardhini, kwenye bomba lililopasuka. Mhasibu angekuwa wa kwanza kulijua kabla ya fundi.

Ingizo lenyewe ni jepesi. Debiti gharama za maji shilingi 60,000, krediti malimbikizo shilingi 60,000. Gharama inaingia katika taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliokwisha, na deni linaonekana kwenye mizania. Siku ya kwanza ya mwaka mpya ingizo hilo linageuzwa: debiti malimbikizo, krediti gharama za maji. Kwa wiki kadhaa akaunti ya maji itaonyesha salio la upande usiozoeleka, na wapo makarani watakaoshtuka na kutaka kulifuta. Waacheni wasubiri. Bili ya 620,000 ikiingizwa, itakutana na 60,000 za upande wa pili, na gharama itakayobaki Januari ni 560,000, ambayo ndiyo stahili yake. Asiyegeuza ingizo ameyahesabu maji yale yale mara mbili, Desemba mara moja na Januari mara moja.

3. Uniti zilizomo kwenye mita ni mali, lakini si kila kilicholipwa ni uniti

Tugeukie umeme. Shule yetu ilianza mwaka ikiwa na uniti 500 kwenye mita. Mwaka mzima ilinunua uniti 30,000 kwa jumla ya shilingi 9,000,000, yaani shilingi 300 kwa uniti. Desemba 31 mita inaonyesha zimebaki uniti 2,500. Je, gharama ya umeme ya mwaka ni milioni tisa? Stakabadhi zinasema hivyo, lakini stakabadhi zinaeleza siku ya kulipa. Gharama ni za uniti 28,000 zilizotumika: shilingi 150,000 za mwanzo, jumlisha 9,000,000, toa 750,000 za mwisho, inabaki 8,400,000. Zile 750,000 hazijawa gharama. Ni mali inayolala ndani ya kisanduku ukutani, na mahali pake ni kwenye mizania chini ya malipo ya kabla.

Mtauliza, uniti 2,500 zilifikaje kwenye mita ya shule iliyofungwa? Nadhani wengi mnajua jibu, ndiyo maana naona tabasamu. Fungu la umeme lilikuwa na bakaa, mwaka unaisha, na anayebakiza anaogopa kupunguziwa mwakani. Basi zinanunuliwa uniti za “kumaliza bajeti”. Kwa msingi wa fedha taslimu ujanja huo hauonekani kabisa, kwani milioni tisa zilipangwa na milioni tisa zimetumika. Msingi wa malimbikizo unaufunua kwa mstari mmoja wa mizania. Ununuzi huo unaweza kuwa na sababu nzuri, na bodi ina haki ya kuisikia. Ili iisikie, lazima kwanza iuone.

Lakini tahadhari. Si kila shilingi inayoingia LUKU hutoka ikiwa uniti. Ndani yake imo kodi ya ongezeko la thamani, zimo tozo za udhibiti na za umeme vijijini, na tangu mwaka 2021 imo kodi ya majengo inayokusanywa kupitia mita. Mteja mwenye deni la zamani hukatwa sehemu ya manunuzi yake kulilipa. Kodi ya jengo ni gharama ya jengo, na deni la zamani ni malipo ya gharama iliyokwisha kuhesabiwa, au iliyopaswa kuhesabiwa. Mhasibu anayetupa kiasi chote kwenye akaunti ya umeme anakuza gharama ya umeme na kuficha mbili nyingine. Stakabadhi ya LUKU isomwe mstari kwa mstari. Taasisi iliyosajiliwa na inayoruhusiwa kurejeshewa kodi ya ongezeko la thamani iandike limbikizo na malipo ya kabla bila kodi hiyo, maana kinachorudishwa si gharama. Isiyorejeshewa iijumuishe.

Mambo mengine mawili hufanana na malipo ya kabla kwa sura tu. La kwanza ni amana inayowekwa wakati wa kuunganishiwa huduma. Amana haiishi kwa matumizi. Ni fedha zenu zilizo mikononi mwa mtoa huduma, mnazodai mtakapoondoka, na ziandikwe hivyo mwaka hadi mwaka. La pili ni kifurushi cha simu. Kifurushi cha siku 30 kilichonunuliwa Desemba 20 kina siku zake katika Januari, lakini kile ambacho muda wake umekwisha usiku wa Desemba 31 si mali hata kama kilibaki na gigabaiti hamsini. Hakuna atakayewarudishia.

4. Nyuma ya kila limbikizo kuna watu

Hoja yangu ya nne ndiyo iliyonileta hapa. Chama cha akiba na mikopo kinafunga mwaka, kinatangaza ziada, kinagawa kwa wanachama. Kama bili za miezi miwili za umeme wa mkopo na maji hazikuandikwa, ziada imevimba kwa kiasi hicho, na kilichogawiwa si ziada, ni mtaji. Mwanachama anayejitoa Januari ameondoka na fungu la fedha za kulipia taa zilizomwangazia mikutano yake yote. Anayejiunga Februari anailipa bili ya taa ambazo hakuwahi kukaa chini yake. Hakuna aliyeiba. Daftari ndilo lililohamisha mzigo, na limehamisha kimya kimya.

Ndivyo ilivyo kwa uongozi. Mweka hazina anayemaliza muda wake akiacha bili droo­ni ataonekana mbanaji wa matumizi, na mrithi wake ataonekana mfujaji kabla hajanunua hata kalamu. Kitaifa tumeliona hili kwa ukubwa wake. Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais John Magufuli aliliagiza Shirika la Umeme Tanzania liwakatie umeme wadaiwa bila kujali kama ni taasisi za serikali. Watu wengi walilizungumza agizo lile kama habari ya nidhamu ya kulipa. Mimi naliona pia kama habari ya kuandika. Deni la umeme halifikii mabilioni kwa siku moja. Hukua mwezi kwa mwezi, na mahali ambapo kila mwezi linaandikwa kuwa gharama na kuwekwa mbele ya wenye mamlaka, ni vigumu likakua bila mtu kuulizwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa deni ningeongeza kwamba deni bila daftari halipotei. Linakwenda kulala, na linaamka kwenye zamu ya mtu mwingine.

5. Majibu kwa wanaopinga

Pingamizi la kwanza lina nguvu, nalo linasema hivi: kila mwaka una bili 12. Tukiziandika zinapofika, tutakuwa na bili za Desemba hadi Novemba badala ya Januari hadi Desemba, lakini ni 12 zile zile, na kosa linajifuta lenyewe. Hii ni kweli kwa sharti kwamba matumizi na bei havibadiliki. Bweni jipya likifunguliwa, pampu ikifungwa, bei ikipanda au mvua ikikosekana, Desemba ya mwaka jana haiwezi kusimama badala ya Desemba ya mwaka huu. Na hata pale gharama zinapolingana, mizania haiwi kamili kamwe. Kila mwaka deni la mwezi mmoja linakosekana ndani yake, na litaendelea kukosekana hadi siku taasisi itakapofungwa au kuungana na nyingine, ndipo wadai watokee.

Wa pili wanasema kiasi ni kidogo. Nakubaliana nao mara nyingi. Viwango vyenyewe havidai kila senti, vinadai kile ambacho kukikosa kunaweza kumpotosha anayefanya uamuzi kwa kutegemea hesabu hizo. Kwa benki kubwa, bili ya maji ya tawi moja haibadilishi lolote. Kwa kiwanda cha barafu umeme ni karibu kila kitu, na kwa zahanati yenye ziada ya laki tatu, bili ya laki mbili ni theluthi mbili ya habari. Udogo hupimwa dhidi ya taasisi yenyewe. Wekeni kiwango, kiandikwe, kipitishwe na bodi, na kifuatwe mwaka wa faida na mwaka wa hasara. Kiwango kinachopanda na kushuka kufuatana na matokeo yanayotakiwa si kiwango.

Wa tatu wanasema kukadiria ni kubahatisha, na makadirio hufungua mlango wa udanganyifu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 37 kinatenganisha malimbikizo na madeni mengine ya makadirio kwa sababu hii hasa: katika limbikizo huduma imekwisha kupokewa, na shaka iliyobaki kuhusu kiasi au muda ni ndogo. Zaidi ya hapo, hesabu za mwaka hazikamiliki usiku wa Desemba 31. Bili inayofika Januari kabla hazijaidhinishwa ni ushahidi wa hali iliyokuwepo siku ya kufunga, na IAS 10 inataka itumike kusahihisha makadirio. Kuhusu udanganyifu, ni kweli limbikizo linaweza kuvimbishwa ili kuficha faida. Lakini hakuna kadirio rahisi kulikamata kama hili. Mkaguzi huweka kadirio la Desemba kando ya bili iliyolipwa Februari na kuona tofauti. Anayekosea upande uleule miaka mitatu mfululizo hakosei.

Wa nne wanasema fedha taslimu ndiyo ukweli, kwani bili hailipwi kwa limbikizo. Hawa sina ugomvi nao. Taarifa ya mtiririko wa fedha ipo kwa ajili yao, na mweka hazina asiyejua ana kiasi gani benki atakatiwa maji hata kama malimbikizo yake ni kamili. Swali la fedha ni kama tutaweza kulipa. Swali la malimbikizo ni kama tumeishi ndani ya uwezo wetu. Taasisi inahitaji majibu yote mawili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa kutazama mbele. Mita za malipo ya kabla zinaingia sasa hata kwenye maji, na mita zinazojisoma zenyewe zinaongezeka. Malimbikizo yatapungua na malipo ya kabla yatakua, lakini swali litabaki lile lile, na litahamia pia upande wa pili wa meza. Kila uniti inayolala kwenye mita ya mteja ni deni la huduma kwa aliyeiuza, na watoa huduma wetu watahitaji kulionyesha hivyo badala ya kuliita mapato. Taasisi zitakazoanza utaratibu huu mwaka huu nizionye jambo moja: msiposahihisha salio la mwanzo, mwaka wa kwanza utabeba bili za miezi 13, na mtalaumiwa kwa uaminifu wenu. Deni la mwaka jana lirudishwe kwenye mwaka wake, kisha lielezwe kwa wanachama kwa lugha wanayoielewa.

Hakuna mashine wala programu ya gharama kubwa inayohitajika. Jioni ya siku ya kufunga hesabu, iwe Juni 30 au Desemba 31, mtu mmoja apite na simu kwenye mita ya maji na ya umeme, apige picha zinazoonyesha tarakimu na tarehe, azitume kwa mhasibu. Mlinzi wa zamu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika tano. Mwakani, mkaguzi atakapouliza zile shilingi 60,000 zimetoka wapi, ataonyeshwa picha.